80, 100 au 120? Bei ya saa moja kwa mwenye pikapu kwenye barabara ya Arua

Ukienda kununua pikapu kwenye yadi za Kampala, muuzaji atakupa namba moja ya mafuta. "Hii inatembea kilomita kumi kwa lita, mzee wangu," na atakuapia. Usibishane naye, huenda kweli iliwahi kutembea kumi. Ila Hilux hiyo hiyo, na matairi hayo hayo, ikishikwa na dereva mwingine inarudi na saba na nusu, kisha fundi anaitwa kufungua nozeli za kunyunyizia dizeli ambazo hazina kosa lolote.

Mimi hupakia Kampala na kushusha Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, karibu kilomita 480 kwa njia ya Bombo, Luwero, Kafu, Karuma na Pakwach. Ukitoa miji, matuta, vizuizi vya polisi na foleni ya kutokea Kawempe, zinabaki kama kilomita 300 za lami iliyo wazi, ambapo ni wewe dereva unayeamua mshale ukae wapi. Nalinganisha hizo 300 tu. Za mjini zina hesabu yake, nitazifikia.

Pikapu ya mfano ni dabo kebini ya dizeli, tani mbili hivi, mzigo mwepesi uliolala chini ya mabati ya nyuma. Ikishika kilomita 80 kwa saa kwenye gia ya juu inakula lita 9 kwa kilomita 100. Dizeli nimeiweka shilingi 5,000 za Uganda kwa lita ili hesabu isitupe maumivu ya kichwa. Bei ya siku utaiweka mwenyewe. Haya ni makadirio yaliyojengwa juu ya namna upepo unavyolizuia gari. Ya kwako ikila 8 au 10 badala ya 9, namba zote zitasogea pamoja, lakini ngazi itabaki kupanda vile vile.

| Mwendo (km kwa saa) | Lita kwa km 100 | Lita kwa km 300 | Shilingi | Muda |
|---|---|---|---|---|
| 80 | 9 | 27 | 135,000 | saa 3 dakika 45 |
| 90 | 10 | 30 | 150,000 | saa 3 dakika 20 |
| 100 | 11 | 33 | 165,000 | saa 3 |
| 110 | 12.2 | 36.6 | 183,000 | saa 2 dakika 44 |
| 120 | 13.5 | 40.5 | 202,500 | saa 2 dakika 30 |

Tazama safu mbili za mwisho kwa pamoja. Fedha zinapanda kwa hatua zinazozidi kuwa ndefu, huku dakika unazookoa zikizidi kuwa chache. Kutoka 80 kwenda 90 unaokoa dakika 25. Kutoka 110 kwenda 120, kilomita kumi zile zile kwenye mshale, unaokoa dakika 14 tu na unalipa zaidi.

Mwizi ni upepo

Katika zile lita 9 za mwendo wa 80, kama 3.6 zinakwenda kusukuma hewa. Zilizobaki, 5.4, zinaliwa na matairi yanayobonyea barabarani, msuguano wa injini yenyewe, gia, dinamo na mengineyo. Hizo 5.4 hazibadiliki sana ukiongeza mwendo ndani ya gia ile ile, kwa sababu kwa kila kilomita injini inazunguka idadi ile ile na tairi linabonyea mara zile zile. Hewa haina ustaarabu huo. Inakudai kasi mara kasi. Ukitoka 80 kwenda 100 umeongeza robo ya mwendo, lakini upepo unakuzuia kwa nguvu iliyozidi kwa zaidi ya nusu. Ukifika 120 umeongeza nusu ya mwendo na upepo umekuwa mara mbili na robo: zile 3.6 zimekuwa 8.1.

Na injini inauona mzigo huo kwa ukali zaidi kuliko tangi. Kwenye 120 unapambana na upepo mzito zaidi, tena unakutana nao haraka zaidi, kwa hiyo nguvu inayotakiwa kwa kazi ya upepo peke yake ni zaidi ya mara tatu ya ile ya 80. Ndiyo maana turbo inapiga mluzi na mshale wa joto unaanza kukutazama.

Saluni ndogo huvumilia mwendo mkubwa kwa sababu imelala chini na imechongwa kama samaki. Pikapu imesimama juu, kioo kimesimama, chini kuna vyuma vitupu, nyuma kuna sanduku wazi linalofanya hewa izunguke kama maji ya Karuma. Kwa upepo, Hilux au D-Max ni karibu Corolla mbili zilizofungwa pamoja. Idara ya Nishati ya Marekani huwaambia madereva wake kwamba matumizi ya mafuta huanza kuharibika haraka kupita maili 50 kwa saa, na hizo ni 80 zetu na kidogo sana juu yake.

Tuna nafuu moja ndogo. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia kumi, kwa hiyo upepo nao unasukuma kidogo. Dizeli yenye turbo inafaidi hapo. Ile ya petroli isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho.

Saa moja unainunua bei gani?

Madereva wengi huulizana mwendo gani unakula kidogo. Jibu ni rahisi: polepole, mradi uko gia ya juu na injini haikohoi. Kwenye 60 pikapu ile ile ingekula kama lita 7.4. Lakini hakuna anayekwenda Arua kwa 60. Mimi nauliza hivi: nikiongeza mwendo nanunua muda, je, saa moja ya muda huo nauziwa shilingi ngapi?

Kutoka 80 kwenda 90, zile dakika 25 zimegharimu 15,000. Hiyo ni 36,000 kwa saa. Kutoka 90 kwenda 100 saa ni 45,000. Kutoka 100 kwenda 110 ni kama 66,000. Kutoka 110 kwenda 120 inapita 85,000. Duka lile lile, bidhaa ile ile, na kila unavyozidi kununua muuzaji anazidi kupandisha.

Sasa jiulize saa yako ina thamani gani. Ukiwa na samaki wa Pakwach kwenye barafu inayoyeyuka, au mgonjwa amelazwa kiti cha nyuma, 45,000 si kitu. Ukiwa na bati na misumari ambayo mwenye duka atashusha kesho asubuhi hata ukifika saa moja jioni au saa mbili usiku, unanunua saa ya kwenda kulala mapema. Halali yako, ila ujue umeilipia.

Tena hesabu hiyo imemhurumia mwenye haraka, kwa kuwa imechukulia kwamba akishika 120 anabaki 120. Barabara yetu haimruhusu. Kuna siku dabo kebini moja nyeupe ilinipita karibu na Nakasongola kama imeitwa Ikulu. Niliikuta Migyera, dereva anasubiri nyama choma. Ikanipita tena. Niliikuta kabla ya Kigumba nyuma ya trela mbili za mahindi, taa za breki zinawaka na kuzima, hana pa kutokea. Alifika Karuma mbele yangu, sikatai. Nilimwona akiondoka nami ndiyo kwanza nasimama.

Kwa tangi la lita 80, kwenye karatasi, mwendo wa 80 unakutoa Kampala, unakufikisha Arua na kukurudisha mpaka karibu na Luwero. Mwendo wa 120 unakufikisha Arua, na ukigeuza, ukiisha kuvuka Nebbi umekauka.

80 dhidi ya 100, kisha 120

80 ndiyo ya bei nafuu kuliko zote kwenye jedwali na ina fadhila nyingine: ukiachia mafuta mapema, tuta linakukuta umeshapoa bila kugusa breki. Ubaya wake ni mabasi. Kwenye njia ya Kafu, anayekwenda 80 akiwa peke yake hupitwa kila dakika, na baadhi ya wanaompita huchagua konani. Kwa usalama wa roho yangu napanda 85 au 90 barabara ikiwa nyoofu, na nalipa ile 15,000 bila kinyongo.

100 ni kikomo cha kisheria kwa gari dogo kwenye lami ya wazi nje ya miji. Hata barabara ya kulipia ya Entebbe, iliyofunguliwa 2018, haikuruhusu kuzidi hapo. Ukiwa mtupu, lami kavu, mchana, 100 si upumbavu. Dizeli nyingi za kisasa zenye gia sita zimetulia hapo. Zile za zamani zenye gia tano zinakuwa zimeanza kulia, na kwa hizo ningekata 90.

120 sina la kuitetea. Ni kosa la trafiki, ina bei mbaya kuliko zote, na kati ya Karuma na Pakwach inapita ubavuni mwa hifadhi ya Murchison Falls, ambako tembo na nyani huvuka bila kuonyesha indiketa. Umbali wa kusimama nao unafuata ile hesabu ya kasi mara kasi: tangu breki ziume mpaka gari lisimame, 120 inataka mara mbili na robo ya lami inayotakiwa na 80.

Saruji na magodoro

Hapa ndipo nimewaona wazoefu wakikosea. Mifuko 20 ya saruji ni tani moja. Magodoro yaliyopangwa mpaka juu ya paa la kebini hayafiki hata robo ya hapo. Tanboi yeyote, msaidizi wa dereva, atakwambia saruji ndiyo inayokula mafuta.

Inategemea unakwendaje. Saruji inalala chini, upepo hauioni. Inakandamiza matairi na kukuadhibu kwenye milima na kila unapoondoka baada ya kusimama. Kwenye lami nyoofu inaongeza kama lita moja na nusu kwa kilomita 100, uwe 80 au 100, karibu sawa tu. Kwa hiyo ile bei ya saa haibadiliki sana: umelipa kiingilio, basi.

Magodoro ni ukuta. Chukulia yameongeza nusu ya uso unaokabili upepo. Kwenye 80 pikapu inatoka lita 9 kwenda 10.8. Kwenye 100 inatoka 11 kwenda 13.8. Kwenye 120 inafika 17.5, na hapo kamba zinaimba na turubai limeanza kuchanika. Ukiwa na magodoro, kupanda kutoka 80 kwenda 100 kunaiuza saa kwa 60,000 wakati mwenye saruji anainunua kwa 40,000. Mzigo mwepesi uliosimama ndio unaotaka upole. Hajati mmoja ninayempelekea bidhaa Arua hunihimiza, "Mwanangu, leo umebeba sponji, si utawahi?" Namwambia ndiyo maana nitachelewa. Bado hajaniamini.

Turubai lifungwe likakaze kama ngoma. Linalopigapiga ni parashuti. Na mlango wa nyuma uache umefungwa: wapo wanaoushusha wakidhani hewa itapita, kumbe ukiwa umefungwa hewa inajikunja ndani ya sanduku na kuunda mto ambao upepo wa juu unateleza juu yake. Keria tupu juu ya paa, kama huitumii, ivue. Kwa keria iliyobeba sanduku la mizigo, Wamarekani wale wale wanakadiria hasara ya asilimia 6 mpaka 17 kwenye barabara kuu.

Matuta na mji

Jedwali halikuhesabu matuta, na njia hii ina mengi. Pikapu ya tani mbili ikiwa 80 imebeba mwendo uliogharimu mililita 45 hivi za dizeli kuujenga. Kwenye 100 ni 70, kikombe kimoja cha kahawa ya tangawizi. Kwenye 120 inapita 100. Ukikanyaga breki mpaka karibu usimame, kikombe hicho umekimwaga kwenye pedi za breki kama joto, kisha unaanza kukijaza upya. Fanya hivyo mara arobaini kwa safari: mwenye 100 amemwaga karibu lita tatu, mwenye 120 zaidi ya nne. Anayeachia mafuta mapema na kuliacha gari lijiburute ndani ya gia anamwaga sehemu ndogo tu ya hapo.

Ndani ya gia, nasisitiza. Kuteremka kwa nyutro ni ushauri uliobaki kutoka enzi za kabureta. Injini za leo zenye kompyuta hukata mafuta kabisa ukiachia mguu gari likiwa kwenye gia. Ukitia nyutro lazima zinyunyizie kidogo ili zisizime, na wewe umebaki na breki peke yake kwenye mteremko.

Kampala yenyewe haina 80 wala 100 ya kulinganisha. Kinacholinganishwa ni mguu. Anayekimbilia nafasi ya mita hamsini kisha anapiga breki nyuma ya taksi, na anayeacha upenyo boda zipite huku yeye akisogea kwa gia ya pili, watafika Wandegeya pamoja. Idara ile ya Marekani inasema uendeshaji wa papara huharibu asilimia 10 mpaka 40 ya ulaji kwenye foleni, na 15 mpaka 30 kwenye barabara kuu. Kusimama nako hakuna bure: injini ya lita mbili na nusu au tatu ikinguruma bila kwenda popote hula kati ya nusu lita na lita nzima kwa saa, na kiyoyozi kikiwaka inaelekea upande wa lita. Kwa hiyo zile 5,000 ambazo gari dogo hulipa kwenye barabara ya kulipia ya Entebbe, lita moja tu ya dizeli, si ghali sana siku ambayo njia ya zamani imeziba.

Pima ya kwako

Usichukue namba zangu ukaenda kugombana na fundi. Jaza tangi mpaka pampu ijikate, kwenye kituo kile kile, pampu ile ile, gari limesimama upande ule ule. Andika odomita. Nenda na urudi kwa mwendo mmoja uliouchagua, kwa sababu Kampala iko juu kuliko Pakwach na kwenda peke yake kutakudanganya. Jaza tena mpaka ijikate, gawanya. Safari nyingine badilisha mwendo tu, mzigo na upepo wa matairi uwe ule ule. Mwendo usome kwenye GPS ya simu, maana mshale wa dashibodi mara nyingi unazidisha kidogo. Na kama umefunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani, odomita yako inahesabu kilomita chache kuliko ulizotembea.

Mdogo wangu, ambaye tunapokezana gari, aliniletea malalamiko: "Kaka, hii gari ina ugonjwa, inabugia." Alikuwa ameshaulizia bei ya nozeli. Nikamwomba apime safari mbili kwanza, moja kwa mwendo wake, moja kwa 90. Nozeli hazikununuliwa. Akiwa mtupu bado anashika 100 na nyongeza ndogo asiyoikubali mbele yangu. Akipakia magodoro anashuka 85, na hutoka Kampala saa kumi na moja alfajiri badala ya saa kumi na mbili.